Mtoto wa Nyumba ya Kwaya Anapoketi kwenye Piano

Maswali ya wasomaji, majibu ya walimu wetu wa muziki

Barua za toleo hili zote zimetoka kwenye nyumba ambazo tayari kunaimbwa, na mtoto ndiyo kwanza anaanza piano. Ili tusipishane maneno: tukisema kinanda, ni kile cha umeme chenye vibao vyepesi, kama vingi vya makanisani. Piano ya umeme ni ile yenye vibao vizito vilivyotengenezwa viige nyundo. Piano tupu ni ya mbao na nyuzi.

Mwalimu anamwambia asahau do re mi

Shikamooni walimu. Mume wangu ni mwalimu wa kwaya, mimi naimba sauti ya pili. Binti yetu wa miaka saba akiusikia wimbo mara mbili anauimba kwa solfa. Mwezi uliopita tulimpeleka piano, na mwalimu wake anasema solfa itamchanganya, aiache kabisa ajifunze C D E. Sasa mtoto anaona aibu kuimba do re mi hata nyumbani. Tumsikilize nani? – Mama, Mwanza

Jibu: Marahaba mama. Msimwachishe solfa. Hiyo ndiyo mali aliyokwenda nayo darasani, na kuna watoto wanaopiga piano miaka mitatu bila kuipata.

Mwalimu naye ana hoja yake. Katika solfa ya kwaya zetu, ile iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza karne ya 19, do inahama. Nota ikiandikwa juu "Do ni G", do inakaa G. Ikiandikwa "Do ni F", inakaa F. Majina ya vibao hayahami. Mtoto aliyezoeshwa kwamba C ndiyo do, siku wimbo ukianzia G anajikuta na majina mawili kwa kibao kimoja. Na kama mwalimu alisomea mfumo wa Kifaransa, ambamo do ni C siku zote, basi yeye na baba wa nyumba wanatumia neno moja kwa vitu viwili, na anayeumia ni mtoto aliyekaa katikati.

Kipeni kila kitu kazi yake. Herufi ni jina la kibao. Solfa ni kazi ambayo kibao kinafanya ndani ya wimbo huo. Mwelezeni kwa mfano wa nyumbani: mama ana jina moja la ubatizo, lakini kwa watoto wake ni mama, kwa watoto wa kaka yake ni shangazi, na jina halijabadilika. "Hiki ni G. Leo kinafanya kazi ya do." Mtoto wa miaka saba analielewa hilo kwa dakika moja.

Kisha mfanyieni hivi. Chagueni wimbo anaoujua wenye sauti tano tu, do hadi so. Wiki ya kwanza aupige kuanzia C: vidole vitano vya mkono wa kulia juu ya C D E F G, kidole gumba ni namba 1, kidole cha mwisho namba 5. Aimbe solfa huku anapiga. Wiki ya pili aanzie G, vidole juu ya G A B C D, bado vibao vyeupe vitupu. Wiki ya tatu aanzie F, na msimwambie kitu. Atapiga F, G, A vizuri. Akifika fa atabonyeza B nyeupe na uso utakunjamana, kwa sababu sikio lake linajua kwamba mi na fa zinakaa karibu, na A hadi B ni mbali mno. Mwacheni atafute. Kidole kitarudi nyuma chenyewe hadi kwenye kibao cheusi kilicho kati ya A na B. Hiyo ndiyo B flati, na ameipata kwa sikio lake. Wiki ya nne aanzie D; safari hii mi ndiyo itakayomsumbua, na ataikuta F shapu.

Baada ya hapo skeli nzima ya G, ngazi ya sauti do hadi do. Akifika ti atajikwaa tena kwenye F nyeupe, apande F shapu. Mtoto asiye na solfa huikariri F shapu hiyo kama amri ya mwalimu, na wiki ijayo ameisahau.

Upande wa pili, nota za mistari mitano, lazima ausome pia, na hapo mwalimu yuko sahihi kabisa. Nota ya solfa ya sauti nne ina mistari minne ya herufi iliyopangwa juu na chini. Mwimbaji anafuata mstari wake mmoja. Mpiga piano anatakiwa kuisoma yote kwa mara moja na vidole kumi, na herufi hazimwonyeshi kwa jicho kama sauti inapanda au inashuka. Stafu ya mistari mitano inaonyesha. Aanze na alama tatu tu: C ya kati, G iliyo mstari wa pili kutoka chini kwenye ufunguo wa G, na F iliyo mstari wa nne kwenye ufunguo wa F. Nyingine azihesabu kutoka hapo. Kutoka mstari kwenda nafasi iliyo jirani ni hatua moja, do-re. Kutoka mstari kwenda mstari unaofuata ni kuruka kibao kimoja, do-mi.

Jambo dogo linalowapoteza wengi ni kuitafuta C ya kati kwa kuhesabu C kutoka kushoto. Kwenye piano ya vibao 88 ni C ya nne. Kwenye kinanda cha vibao 61 ni ya tatu. Mtoto anayefanya mazoezi nyumbani kwenye kimoja na kusoma kwenye kingine atakaa vibaya kila Jumamosi. Afundishwe kuitafuta katikati ya chombo, mkono wa kushoto wa vibao vyeusi viwili.

Tumepata piano ya zamani kwa bei nzuri

Habari za kazi walimu. Kuna nyumba hapa mjini wanauza piano ya mbao ya zamani, bei ni chini ya kinanda kipya. Nyumbani tunapenda sana muziki na mke wangu anaona hii ni bahati. Kijana wetu ana miaka minane. Tuinunue? – Baba, Tanga

Jibu: Msitoe hata shilingi kabla haijafunguliwa. Pwani ni mahali pagumu kwa piano. Unyevu unatia nyuzi kutu, unavimbisha vitambaa vya manyoya vilivyo ndani, na mbao zinapovimba na kusinyaa mwaka hadi mwaka, pini zinazoshika nyuzi hulegea.

Nenda mchana, chukua tochi na simu yenye programu ya kutyunia, yaani kulinganisha sauti. Za bure zipo. Inua kifuniko cha juu. Ubao wa mbele kwa kawaida umeshikwa na vigeuzi viwili vya ndani, kushoto na kulia, ukivigeuza unatoka. Ubao wa chini, ulio usawa wa magoti, umezuiwa na springi moja au mbili.

Anza na fremu ya chuma cha kusubu inayobeba nyuzi zote. Mvuto wa nyuzi hizo kwa pamoja unazidi tani 15. Fremu ikiwa na ufa, shukuru wenyeji uondoke. Haitengenezeki kwa gharama yenye maana. Ufa kwenye ubao wa nyuma, ule mpana unaotoa sauti, si mwisho wa piano, mradi haungurumi unapopiga kwa nguvu.

Sasa piga kila kibao, kimoja kimoja, kuanzia chini. Sauti nyingi za katikati na juu zina nyuzi tatu kila moja, za chini mbili, na za chini kabisa mmoja. Kibao kimoja kikitoa sauti inayoyumba, kama watu wawili wanaoimba bila kupatana, uzi mmoja umeshuka. Vikiwa vichache, ni kazi ya kutyuni. Vikiwa robo ya piano, pini zimelegea, na utailipia leo ili Jumatatu iwe imeshuka tena. Fundi piano ataligundua hilo kwa dakika chache kwa kuzungusha pini kadhaa na spana yake. Mlipeni aje kabla ya kununua. Nyuzi za chini zilizozungushiwa shaba zikitoa sauti butu, kama kugonga debe lenye mchanga, zimekufa.

Kisha piga A iliyo juu ya C ya kati na utazame simu. Inatakiwa iwe herzi 440. Piano nyingi zilizokaa bila kuguswa hushuka, na ukikuta karibu 415 imeshuka nusu toni nzima: kibao kinasema A, sauti inasema A flati. Kwa nyumba inayoimba hilo ni tatizo kubwa kuliko mikwaruzo ya rangi, kwa kuwa kijana atajifunza nyumbani kwa sauti moja na kwayani atakuta nyingine. Kuipandisha kunawezekana, lakini fundi huipandisha kwa awamu mbili au tatu, na nyuzi zenye kutu hukatika njiani. Ulizeni bei ya nyuzi hizo kabla.

Mwisho chungulia chini ya vibao na kwenye sakafu ya ndani. Unga laini wa mbao na vitundu kama vya pini ni wadudu watoboao mbao. Njia za udongo ni mchwa. Panya nao hukata vitambaa vya ndani na kutengenezea viota. Nyundo zenye mifereji mirefu usoni zimechakaa, ila zinaweza kusuguliwa mara moja au mbili zikapona.

Ikifaulu yote hayo, inunueni kwa furaha, maana hakuna chombo cha umeme kinachomfundisha mtoto kusikiliza kama uzi halisi. Bajeti iwe na mambo matatu: kununua, kuhamisha na kutyuni. Piano ya kusimama ina kilo 200 na kuendelea. Watafuteni vijana wenye mikanda na troli, wasiishike kwa miguu ya mbele kwa sababu hukatika. Ikifika ikae wiki mbili au tatu izoee hewa ya nyumba, ndipo ityuniwe. Iwekeni ukuta wa ndani, mbali na dirisha, jua na upepo wa kiyoyozi. Ityuniwe mara mbili kwa mwaka, masika yakishakwisha na vuli ikishapita. Ukityuni katikati ya mvua umetupa pesa. Ifunikeni kwa kitambaa cha pamba. Nailoni huhifadhi jasho.

Isipofaulu, tafuteni piano ya umeme yenye vibao 88 vizito. Ikishindikana, kinanda cha vibao 61 kinatosha mwaka wa kwanza kwa sharti moja: kibonyeze taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti zikilingana, kiacheni dukani. Mtoto aliyejifunzia kibao kisichojua tofauti ya taratibu na nguvu akifika kwenye piano ya mwalimu sauti haitoki, naye hajui kosa lake ni lipi. Umeme ukikatika chomoeni adapta, kwani unaporudi kwa kishindo ndiyo inayoungua. Adapta mpya lazima ilingane na ya zamani kwa volti na kwa upande wa chanya na hasi; ampea ziwe sawa au zaidi.

Mjukuu anachoka mabega

Wanangu, mjukuu wangu ana miaka sita. Kinanda chake kipo juu ya meza ya chakula na anakalia kiti cha plastiki. Dakika tano tu anasema mabega yanauma, na vidole vimelala kama anapiga chapati. Wazazi wake wanasema ni uvivu. – Bibi, Dodoma

Jibu: Shikamoo bibi. Si uvivu, ni meza. Vibao vya piano vipo sentimita 72 hivi kutoka sakafuni. Meza ya chakula peke yake ni 75, na kinanda kinaongeza 10 au zaidi juu yake. Mtoto anapiga kitu kilicho usawa wa kifua, kwa hiyo anainua mabega ili mikono ifike, na mkono ukining'inia kwenye bega vidole haviwezi kujikunja.

Kishusheni kinanda kwenye stendi au meza fupi mpaka vibao viwe kwenye 72. Kisha mkae naye mpime kiti: mabega yakiwa yamelegea, kiwiko kiwe usawa wa vibao au juu kidogo. Kwa mtoto wa miaka sita kiti kinatoka sentimita 55 hivi. Kiti cha kawaida mnaweza kukiongezea ubao au mkeka uliokunjwa na kufungwa; mto wa sponji haufai, unayumba. Hapo miguu itaning'inia, na mtoto mwenye miguu hewani anajishikilia kwa mgongo. Wekeni chini yake boksi gumu la sentimita 25, au kreti la soda lililogeuzwa. Akae nusu ya mbele ya kiti. Akinyoosha mikono na kufunga ngumi, ngumi ziguse ubao uliosimama nyuma ya vibao.

Vidole visifundishwe kwa maneno "kunja, kunja". Asimame, auachie mkono uning'inie ubavuni. Bibi mwangalie: vidole vimejikunja vyenyewe. Auinue mkono hivyo hivyo ulivyo auweke juu ya vibao. Kidole gumba kinagusa kwa ubavu wake, vingine kwa nyama ya ncha. Kifundo cha mwisho cha kidole kikibonyea kwa ndani, ni umri. Mtoto wa miaka sita mifupa bado laini. Apige sauti chache kwa kidole cha tatu kilichoegemezwa na gumba, kama anayeshika punje ya mchele, na kwa miezi kitakaa. Na kucha zikatwe. Zikigonga vibao utazisikia.

Ana miaka minne, tumpeleke?

Kaka zake wote wanapiga vyombo, naye analia anataka. – Mzazi, Morogoro

Jibu: Kwa masomo rasmi subirini miaka sita, au mitano na nusu kama anajua kulia na kushoto, anahesabu hadi nane na anaweza kukaa dakika kumi na tano kwenye jambo moja. Kwa sasa apige makofi ya mapigo mkiimba, aigize sauti unazomwimbia, na atafute vibao vyeusi viwili viwili na vitatu vitatu. Asizuiwe kugusa piano, ila mikono iwe safi.

Anapiga kila kitu kwa sikio, nota haangalii

Mtoto wangu wa miaka tisa anamwiga mjomba wake anayepiga kinanda kanisani. Mjomba anapiga nyimbo zote kwa C, kisha anabonyeza transipozi, kitufe kinachohamisha sauti zote juu au chini, kwaya ipate ki yake, yaani mahali do inapokaa. Mtoto anafanya vivyo hivyo. Mwalimu wa piano amekata tamaa: kijana anatazama kitabu lakini macho hayasomi. – Mama, Nakuru

Jibu: Mama, hongera kwa sikio hilo, na pole, kwa sababu ndilo linaloficha tatizo. Mtoto huyu husikia kipande mara moja na kukiweka kichwani. Kitabu kimefunguliwa kwa heshima tu. Atafika mbali hivyo, mpaka siku vipande vitakapokuwa virefu kuliko kumbukumbu, kwa kawaida mwaka wa pili au wa tatu, na siku hiyo atakuwa anasoma kama mtoto wa miezi miwili. Huwa wanaacha hapo, kwa aibu.

Mwombeni mwalimu asimpigie kipande kipya kabla. Nyumbani dada na kaka nao wasimpigie. Kila siku apewe mistari miwili mifupi ambayo hajawahi kuisikia, rahisi kuliko kiwango chake, miraba minne tu (mraba ni kipande kati ya mistari miwili ya wima). Kabla ya kugusa kibao aseme: inaanzia wapi, mapigo mangapi, inapanda au inashuka, wapi inaruka. Kisha ajaribu kuiimba, hata kwa solfa. Ndipo apige polepole, wakati wewe unafunika kwa kipande cha karatasi mraba anaoupiga ili macho yatangulie mbele. Asirudie kurekebisha, kikipita kimepita. Dakika tano zinatosha, na kesho mistari mipya. Akiupiga mmoja mara tatu ameshaukariri, na jicho limepumzika.

Vidole pia. Mwenye kupiga kwa sikio hutumia kidole chochote kilicho karibu, kisha mkono unaishiwa vidole katikati ya mstari. Andikeni namba kwa penseli mahali mkono unapohama tu. Mkiandika namba kila nota, atasoma namba.

Kuhusu transipozi tuwe wakweli: kwa ibada inayoanza sasa hivi na mwimbaji aliyebadilisha ki mlangoni, inaokoa. Kwa mtoto anayejifunza inaharibu. Anaona C, anabonyeza C, anasikia E flati. Sikio kali kama lake linalipokea hilo kama uongo, na ili liweze kuvumilia linaacha kuoanisha alichoona na alichosikia. Na piano ya mbao haina kitufe hicho. Kibandikeni utepe wakati wa mazoezi. Mjomba naye ana kazi nzuri ya kufanya: amfundishe kodi tatu (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za wimbo mmoja, do, fa na so, kwanza katika C, halafu G, halafu F, halafu D. Kijana ataipenda kazi hiyo kwa kuwa ni ya mjomba, na baada ya miezi michache hatakihitaji kitufe.

Nyumba nzima ni walimu

Sisi sote tunaimba. Binti akikosea, baba anasema kutoka sebuleni, "fa hiyo!", mimi jikoni nasema "polepole," kaka yake anacheka. Siku hizi anafanya mazoezi tukiwa tumetoka tu. – Mama, Arusha

Jibu: Anatafuta mahali pa kukosea, mama. Mtu anayejifunza piano hukosea mara nyingi kuliko anayejifunza kuimba, maana ana mikono miwili na mistari miwili kwa wakati mmoja, na nyumba yenu inasikia kila kosa.

Achaguliwe mtu mmoja wa kukaa naye. Wengine wanyamaze mpaka mwisho. Unapomtajia sauti sahihi kutoka jikoni umemfanyia kazi ambayo sikio lake lilikuwa linakaribia kuifanya, na baada ya muda linaacha kujisumbua. Anasubiri mlio wa sebuleni. Anayekaa naye amwache amalize miraba miwili kisha amuulize, "Umesikia kosa liko wapi?" Mara nyingi anajua.

Dakika 15 siku tano kwa wiki zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Kwa mtoto chini ya miaka minane zigawanywe mbili, kabla ya shule na jioni. Kosa kubwa la mazoezi ni kuanza mwanzo kila mara: mstari wa kwanza unang'aa, wa mwisho haujulikani. Aanze na miraba miwili ya mwisho. Mkono wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, kisha yote polepole, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika. Panga kete tatu za bao upande wa kushoto wa piano. Akipiga miraba hiyo bila kosa asogeze kete moja kulia; akikosea zote zinarudi. Zikifika tatu, anasogea miraba miwili ya nyuma yake. Akikosea mara nyingi mahali pamoja, mwendo ni mkubwa, apunguze hadi aweze kupiga sahihi, hata ikiwa ni polepole kiasi cha kuchekesha.

Dakika za mwisho apige wimbo wa zamani anaoujua, na hapo ndipo familia iingie: mwimbe naye sauti zote nne. Yeye ashike mwendo, nyinyi mumfuate. Akisimama, simameni.

Afanye mtihani wa gredi?

Jirani yetu mtoto wake amefaulu gredi ya kwanza kwa mwaka mmoja. – Baba, Nairobi

Jibu: Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya London ina ngazi ya awali kisha gredi 1 hadi 8. Mtihani wa kawaida wa ana kwa ana una alama 150: vipande vitatu alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma papo hapo 21, na sikio 18. Kufaulu ni 100. Kwa mtoto wa nyumba inayoimba zile 18 za sikio, ambapo huimba alichosikia na kupiga makofi ya mapigo, ni kama zawadi. Alama anazipoteza kwenye kusoma papo hapo, kwa sababu tulizomweleza mama wa Nakuru. Mwaka mmoja na nusu hadi miwili ni muda wa kawaida kufika gredi ya kwanza. Akiupitisha mwaka mzima na vipande vitatu tu vya mtihani, atafaulu na hatakuwa na kitu cha nne cha kupiga.

Piano haipatani na udi wa baba

Assalaam aleikum. Mimi napiga udi, babu yake mtoto alipiga fidla. Mwanangu ana miaka kumi, anasoma piano ya umeme na anataka tupige pamoja taarabu ya kizamani. Nyimbo nyingine zinakubali, nyingine inakuwa kelele. Mwalimu wake anasema udi wangu haujatyuniwa. – Baba Unguja

Jibu: Waaleikum salaam. Udi wako huenda uko sawa kabisa. Piano imegawa do hadi do sehemu 12 zilizolingana, na haina kilicho katikati yake. Udi hauna vigawanyo shingoni, kidole kinatua popote. Maqam ni mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, na maqam Rast kuanzia C inataka E na B zilizoshuka robo toni. Kwenye piano kuna E na kuna E flati, na sauti mnayoitaka imekaa kwenye ufa kati ya vibao viwili. Bayati kuanzia D inataka E hiyo hiyo. Ndiyo maana huko panakuwa kelele.

Ziko maqam ambazo piano inazibeba bila shida. Ajam ni skeli meja, ile do re mi ya kawaida. Nahawand ni maina. Hijaz kuanzia D ni D, E flati, F shapu, G, A, na ule mruko wa E flati hadi F shapu mtoto ataupenda mkononi. Anzeni na Hijaz: wewe piga msemo mfupi wa sauti nne au tano, yeye aujibu kwa mkono wa kulia bila kodi yoyote. Kodi ni mazoea ya kanisani na ya dansi. Taarabu ya kizamani ni waimbaji na vyombo kwenye msemo mmoja, kila mmoja akiupamba kwa namna yake. Mkono wa kushoto ushike D na A tu.

Mkipiga Rast asikae kimya. Apige C na G mkono wa kushoto kwenye mapigo, aziruke kabisa E na B, wewe ubebe wimbo. Atajifunza hapo kusikiliza robo toni, jambo ambalo kitabu chake cha piano hakitamfundisha. Na hapo Mji Mkongwe mna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako taarabu inafundishwa darasani. Mpeleke hata kusikiliza tu.

Baadhi ya vinanda na piano za umeme vina sehemu ya kubadili skeli kwenye mipangilio. Hapo sauti hupimwa kwa senti: nusu toni ni senti 100. Shusheni E senti 50 na B senti 50, hifadhini, na Rast itapatikana kibao kwa kibao. Kwanza alinganishe E hiyo na ya udi wako kwa sikio, kwani wapigaji wa taarabu hawaiweki wote mahali pamoja, na 50 ni pa kuanzia tu. Shusha au pandisha mpaka zipatane. Kabla ya kuzima chombo rudisheni E na B kwenye sifuri, au afungue kitabu cha mwalimu kesho asubuhi na kila wimbo utoke umepinda.